Michikichi ya Lubunga

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuruka kwa parashuti, wote huniuliza habari za mlango wa ndege. Wanataka kujua kama niliogopa, kama mtu husukumwa, kama ni kweli wengine hujikojolea. Nawajibu kwa kifupi, maana mlango hauna kazi. Hata gunia la chumvi linaweza kutoka mlangoni. Kazi iko chini, pale mtu anapoirudia ardhi kwa miguu yake, na habari za chini hakuna anayeniuliza. Basi naziandika mwenyewe, kabla sijachoka.

Nilikuwa mwanajeshi Kisangani katika ile vita ya kwanza, kabla hazijaja nyingine nyuma yake. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini, aliuza maharage na sabuni kwa jumla hapo mjini, na siku nilipoingia jeshini alikataa kula meza moja na mimi. Alitaka nikae dukani. Mimi sikuweza kukaa popote. Jeshi likanifundisha kuruka, kisha likaniweka katika kikosi kidogo cha maonyesho, wale wanaoshuka kutoka juu siku za sikukuu ili raia wainue vichwa na kupiga makofi. Vita ilipoanza mashariki, wenzetu walichukuliwa mmoja mmoja hadi tukabaki watatu.

Wa kwanza nilikuwa mimi, mkubwa wao na mwalimu wao. Wa pili alikuwa mdogo wa mke wangu. Nilimwita semeki, kama tunavyowaita mashemeji huku kwetu, naye aliniita vivyo hivyo. Kwao ni watu wa mto, wavuvi wa upande wa Isangi, na ni yeye aliyenipeleka nyumbani kwao kabla sijajua kwamba ana dada. Wa tatu alikuwa jamaa mpana wa mabega, mcheshi, ambaye sikuwahi kumwona akitilia shaka jambo lolote alilolifanya. Huyo nitamwita mwenzetu tu.

Parashuti zetu hazikuwa zile za duara zinazomshusha mtu kama jani. Zilikuwa za mraba, ndogo, zimeshonwa vyumba vya hewa, na zinakwenda mbele kwa kasi kama bawa. Ukiikaribia ardhi ukavuta mkanda mmoja wa mbele, bawa linapinda na kuchovya, kasi inaongezeka. Ukiuachia mkanda, bawa linanyooka lenyewe, nawe unateleza juu ya majani kwa kimo cha magoti, mbali, hadi miguu iguse. Raia walipenda sana. Wamama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa naona haya kidogo kila mara, kwa sababu nilijua tunacheza na shingo zetu ili kanali aonekane bado ana jeshi.

Asubuhi moja kanali huyo alikuja uwanja wa ndege wa Bangboka, kwenye hangari tulimokunjia parashuti, akatuambia tutaruka Lubunga. Watu wa ng'ambo ya mto wamekata tamaa, alisema, wanakimbilia msituni na vyungu vyao, lazima waone kitu cha kuwapa moyo. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango, kwamba atakayetua vibaya mbele ya watu atapanda ndege ya mashariki. Hakuna aliyeuliza maana yake. Ndege hizo tulikuwa tunaziona kila siku pale uwanjani, zikishusha waliofungwa bendeji na kupakia wazima.

Mwenzetu alicheka. Semeki hakucheka, maana kati yetu yeye ndiye aliyekuwa ameanguka majuzi, na kanali alikuwa amemwona.

Semeki alikuwa na kipaji, na kipaji hicho kilikuwa na ugonjwa. Alianza kupinda akiwa chini mno. Yeye aliona raha ardhi ikimjia usoni. Halafu, mwisho kabisa, alivuta kwa nguvu breki zote mbili, zile kamba za nyuma za kupunguza kasi, ili ajiokoe, na siku nyingine alijiokoa, siku nyingine alibiringika kama mzigo ulioanguka kutoka kwenye lori. Nilikuwa nikimtukana. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, na yeye nilimtukana kuliko wote kwa sababu nilimpenda kuliko wote.

Jioni ile nilimweleza mke wangu maneno ya kanali. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akaweka mchi chini, akaniangalia.

"Kwetu yeye njo wa mwisho," akasema. "Mama haiko na mwingine mwanaume. Umufundishe, weye."

Basi nikamfundisha. Mafuta ya ndege yalikuwa haba, hivyo masomo mengi yalifanyika bila kuondoka ardhini. Nilifunga mikanda kwenye boriti ya hangari, akaning'inia pale kama nguo, mimi nikimzunguka na kumsahihisha mikono. Mikono laini, nilimwambia. Bawa si mbuzi, huliburuti. Macho mbele, mahali unapokwenda, siyo kwenye miguu yako, kwa maana mtu anayetazama miguu yake anaiona ardhi ikikimbia na mikono inaogopa kabla yake. Na juu ya yote, anza mapema. Anayeanza juu anaweza kungoja bawa linyooke lenyewe, na akiona kasi imezidi anagusa breki kidogo tu. Anayeanza chini hana cha kungoja.

Shida ilikuwa kujua juu ni wapi. Saa za mkononi za kupima urefu zilikuwa zimekufa zote, na hata zilipokuwa hai hazikuwa na akili karibu na ardhi. Sisi tulisoma michikichi. Pembeni mwa uwanja wa Bangboka kulikuwa na shamba la zamani la michikichi, mirefu, yenye mashina ya kumchosha mkwezi anayekata ngazi, yale matunda ya mawese. Ukiwa juu ya kutosha, unaona vichwa tu, kila kimoja kimetandaza makuti yake pande zote kama nyota. Ukishuka, unafika wakati shina linaanza kuonekana chini ya makuti. Shina likionekana, muda wa kupinda umekwisha, tua kama mtu wa kawaida. Nilijifunza hivyo kwa aliyenitangulia, naye kwa aliyemtangulia, na hakuna aliyewahi kuandika.

Asubuhi, rubani alipojaribu injini ya ile ndege ndogo, tulimbembeleza atupandishe. Semeki aliruka, akasoma michikichi, akaanza mapema. Mara ya kwanza alianza mapema mno, bawa likanyooka angali juu, akashuka taratibu kama kuku anayetoka kwenye paa, mwenzetu akamcheka hadi machozi. Mara nyingine alirudia ugonjwa wake na mimi nikarudia matusi yangu. Lakini aliendelea. Ikafika asubuhi moja yenye ukungu mwepesi, majani bado yana maji, nikamwona akivuta mkanda pale pale ambapo ningeuvuta mimi, bawa likachovya, likanyooka, naye akaja akiteleza juu ya majani, mikono imetulia, akakata njia ndefu kwenye umande. Alisimama kwa hatua moja. Nilikwenda nyuma ya hangari nikapangusa macho, kwa furaha, sioni aibu kusema.

Somo la mwisho ndilo alilolichukia. Nilimwambia kuna siku utaona jambo halijakaa sawa, na hutajua ni nini. Siku hiyo usitafute sababu. Achia mkanda, inua mikono, shika breki zote mbili sawasawa, utue popote mbele yako, hata kwenye matope. Na ukiona aliye mbele yako ameachia, nawe achia. Aliniuliza kanali akiona itakuwaje.

"Kanali iko chini," nikamwambia. "Weye njo uko juu. Uachie."

Alikubali kwa kichwa, bila kupenda. Tulirudia jambo hilo kwenye boriti kuliko jingine lolote, mimi nikipiga makofi bila kumwonya, yeye akiachia, mpaka mikono yake ikawa inafanya bila kumwuliza.

Siku moja kabla ya kuruka, rubani alitupitisha juu ya Lubunga tukaone mahali. Ulikuwa uwanja wa mpira, si mbali na reli. Upande mmoja kulikuwa na mashamba ya mihogo, upande wa pili shamba la michikichi, safi, mistari imenyooka. Kutoka juu tuliona zile nyota zetu, kubwa, zimetandazwa vizuri. Mwenzetu alinigonga begani akasema ni kama Bangboka kabisa. Nami nikaona ni kama Bangboka kabisa. Tulirudi tumetulia.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo mdogo ulitoka mtoni. Niliruka wa kwanza, semeki akafuata, mwenzetu akawa wa mwisho. Parashuti ilifunguka vizuri. Niliuona mto wote, mpana na wa rangi ya chai, na mitumbwi iliyokuwa ikivusha watu kuja kutuona. Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu. Nikashuka kwa mizunguko, nikaitafuta michikichi, nikaona nyota. Hakuna shina. Nikajiambia bado niko juu. Nikashuka tena kidogo. Nyota, hakuna shina. Nikaushika mkanda wa mbele.

Hapo nikamwona mama mmoja kwenye shamba lile. Alikuwa ametoka kufua, ana beseni miguuni, na alikuwa anaanika kitenge juu ya makuti ya mchikichi. Hakupanda kitu. Alinyoosha mkono tu.

Ilinichukua pumzi moja kuelewa. Michikichi ile ilikuwa michanga. Mchikichi mchanga una kichwa kipana sawa na cha mzee, ila hauna shingo. Makuti yake yanakaa karibu na udongo. Shina tulilokuwa tunalisubiri lisingeonekana hata kama tungeshuka mpaka kwenye beseni la yule mama. Nilikuwa chini sana. Niliachia mkanda, nikainua mikono, nikatua mbele yangu, nikikimbia, karibu nimgonge mpiga ngoma. Watu walipiga makofi machache. Hicho sicho walichoahidiwa.

Niligeuka nikapunga mikono yote miwili. Semeki alikuwa tayari amevuta, bawa limeanza kupinda. Nilimwona akiniona. Nilimwona akiachia, papo hapo, kama kwenye boriti. Bawa lilitoka kwenye ule mpindo likiyumba, halikuwa na pa kwenda ila kwenye mihogo, naye akashika breki sawasawa, akaingia kwenye mihogo kwa makalio, parashuti ikamfunika kichwa. Watoto walianza kucheka, kisha wakubwa nao, uwanja wote. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Alitoka chini ya kitambaa ana udongo mpaka masikioni, akasimama, akapapasa magoti yake kuona kama yapo.

Mwenzetu hakutuangalia. Yeye alikuwa anaangalia nyota. Alivuta mkanda kwa nguvu, bawa likachovya kwa uzuri ambao sijauona tena, na bawa lilikuwa bado halijanyooka ardhi ilipomfikia. Nilisikia mlio wa mifupa kutoka nilipokuwa. Miguu yote miwili. Alipiga kelele mara moja tu, halafu akaanza kuuliza kama watu wameona.

Walimbeba juu juu mpaka kwa kanali, kama aliyefunga bao. Kanali alimshika mkono, akamwita mwanaume mbele ya watu. Kisha akamtazama semeki, aliyesimama pembeni akikunja parashuti yake yenye majani ya mihogo. Alisema kwa Lingala, lugha ya jeshi, bila hasira yoyote.

"Oyo abangaki."

Huyu aliogopa. Basi. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake nikamweleza habari za michikichi, mirefu na mifupi, mashina na makuti, na yule mama na kitenge chake. Alinisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Kisha akaniuliza kwa nini basi yule aliyevunjika miguu hakuogopa. Nilimjibu kwamba hakuogopa kwa sababu hakujua. Akacheka. Nikamwambia kwa sauti ambayo haifai kwa mkubwa kwamba mimi ndiye niliyeachia wa kwanza, anitume mimi. Alisema mimi nitabaki kufundisha wapya. Wapya hao hawakuja kamwe.

Semeki aliondoka Bangboka kwenda mashariki kwa ndege ya mizigo, asubuhi. Mke wangu alimletea chikwangue, mkate wa mihogo uliofungwa kwenye majani, na samaki wa kukausha, akamfungia kwenye kitambaa cha kichwa alichokivua pale pale. Nilitaka kumwambia mengi, nikabaki kumsahihisha mkanda wa begi, kama kawaida yangu. Yeye ndiye aliyenituliza.

"Semeki, usikasirike," alisema. "Mifupa yangu yote iko. Nitarudi."

Haukupita muda mrefu mji ukachukuliwa na waasi. Kabla ya hapo wanajeshi wetu walirudi kutoka mashariki kwa miguu, kwa barabara ya Lubutu, wengine peku, wengine wamevaa nguo za raia walizozinyang'anya njiani. Mimi na mke wangu tulisimama barabarani tukiwauliza mmoja mmoja, mrefu hivi, mtu wa Isangi, ana kovu dogo hapa kidevuni. Mmoja alisema amemwona akivuka mto. Mwingine alisema hapana, huyo ni mwingine. Wa mwisho walipita wakikimbia, nasi hatukupata wa kuuliza tena. Nilivua sare nikaichoma nyuma ya nyumba, nikarudi kwenye duka la baba, nako nikakaa.

Mwenzetu yeye alikuwa hospitali, miguu yote miwili imo kwenye plasta. Wanajeshi wapya walipopita vitandani kutafuta askari wa jeshi la zamani, walimwona hawezi hata kujigeuza, wakamwacha. Alipona, ingawa anatembea kwa fimbo. Mpaka leo huja kwetu Jumapili baada ya misa, mnene kuliko zamani, anatania watoto wangu, na husema michikichi ya Lubunga ilimvunja chini ikamhifadhi juu. Husema hivyo mbele ya mke wangu. Hana ubaya, ndivyo alivyo. Mke wangu humpa kiti kizuri, humpakulia wa kwanza, na hajawahi kumsema vibaya hata akishaondoka. Mimi kuna siku namtazama anavyokula nachukia kila pumzi yake, halafu namwongezea wali.

Kwa miaka nilifikiri juu ya lile somo la mwisho. Kama nisingemfundisha kuachia, angevunjika siku ile kama mwenzetu, angelala kitandani, wangempita. Jambo hilo limenizunguka sana. Lakini kila ninapofika mwisho wake najikuta bado ninamfundisha vilevile. Mwalimu hawezi kumfundisha mtu kuvunjika. Sijutii, na hilo halijanipunguzia uchungu hata kidogo.

Mto ulipofunguliwa tena kwa safari, mama mkwe alikuja kutoka Isangi na baleinière, boti kubwa ya mbao ya wafanyabiashara, amelala juu ya magunia. Sisi humwita bokilo, na bokilo huheshimiwa kwa umbali: hukai naye uso kwa uso, humwangalii machoni, mkiongea kila mmoja anaangalia upande wake. Ndivyo tulivyokuwa tumeongea tangu nioe. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole, nikiangalia ukuta.

Siku hiyo alikivuta kigoda chake akakigeuza, akakaa mbele yangu. Mke wangu alisimama mlangoni, akakosa la kufanya.

"Watu wa jeshi walisema mutoto wangu alitua vibaya," alisema. "Njo juu ya ile walimutuma. Ni kweli?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Katika sisi watatu, yeye njo alitua muzuri kupita wote."

Alilisikia. Aliliweka moyoni kwa muda, niliona uso wake ukilegea kidogo, kama mtu aliyepewa maji. Kisha swali la pili likaja, kwa sauti ileile.

"Alors, juu ya nini yeye haiko hapa?"

Alikaa akiningoja, mpole, kama anaamini kwamba mwalimu lazima ajue. Alipoona sijui, aliitazama miguu yangu, yote miwili mizima, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu alikirudisha kigoda chake upande, akamwambia binti yake alete maji ya kunawa, mgeni ana njaa.